Gereji Yenye Dirisha

Kuna harufu moja ambayo ikinipata popote pale hunirudisha utotoni. Ni harufu ya oili chafu iliyochanganyika na tofali la kuchoma lililolowa mvua. Ilinipata tena mwezi uliopita, basi letu kutoka Kibondo lilipogoma karibu na Kasulu na abiria wote tukakalishwa nyuma ya gereji moja kusubiri. Nilikuwa nimechoka. Nimekuwa mtu wa kuchoka siku hizi. Miaka ishirini ya chaki na madaftari ya watoto wa watu si mchezo. Nikaegemea ukuta ambao haujapigwa lipu, mvua ya rasharasha ikaanza, fundi akamwaga oili kwenye karai, na papo hapo nikawa na miaka tisa, nina ndoo kichwani, shingo inauma, nampelekea baba maji ya kufyatulia matofali.

Basi ngoja niwasimulie habari za gereji ya baba, maana naona nimezibeba peke yangu muda mrefu.

Tulikaa upande wa Rungwe Mpya, kwenye safu ya nyumba za watu waliovuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Baba alivuka akiwa kijana wa kuanza kuota ndevu, mama akiwa msichana mwenye mdogo wake mgongoni. Walikutana huku, wakafunga ndoa huku, na mimi, Goreti, nikazaliwa huku. Lakini nyumbani hatukusema kwamba tunaishi huku. Tulisema tupo. Neno lenyewe lilikuwa jepesi hivyo, kama la mtu aliyeketi kando ya njia kufunga kamba ya kiatu.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi. Msifikiri ulikuwa umaskini tu. Majirani zetu Waha hawakutuzidi shamba wala jembe, na wao kila kiangazi walichoma matofali, mmoja mmoja wakapandisha nyumba nyekundu zenye bati. Sisi tuliovuka hatukuchoma. Babu, baba yake baba, alipokuwa kitandani anaondoka, alimwita baba akamwapisha kwamba hatajenga nyumba ya tofali la kuchoma katika nchi ya ugenini. Ya udongo, alisema, mtu anaiacha asubuhi moja bila kugeuka nyuma. Ya tofali utaihurumia, na ukiihurumia hutaondoka. Baba akaapa, babu akazikwa nyuma ya migomba, na nyumba ikabaki ya udongo. Karibu kila mji katika safu yetu ulikuwa na mzee wa namna hiyo na kiapo cha namna hiyo. Miaka ishirini tuliishi kama watu waliosimama kidogo kupumzika.

Nyuma ya mlango palikuwa na gunia. Ndani yake mlikuwa na sufuria mbili, vitenge vya mama vya arusi, rozari ya babu na karatasi zetu zilizofungwa kwenye nailoni. Hilo ndilo gunia la kurudi. Kila kiangazi mama alilifungua, akavianika vile vitenge juani visiliwe na mende, kisha akavikunja upya na kulifunga. Nilikuwa namsaidia kukunja. Siku moja, ameshika pindo la kitenge na mimi nimeshika lingine, akasema, wala hakuwa anamwambia mtu yeyote, "Nimechoka kufungasha."

Mama alikuwa na kifua. Kila masika kilimrudia, kwa sababu nyasi za paa zilikuwa zimeoza na sakafu ilitoa unyevu kama mtungi mpya. Mimi nililala na sufuria kando ya kichwa ya kukinga matone, na nilijua kuhesabu mpaka elfu kabla sijaanza shule. Wakati mmoja, kabla sijazaliwa, mama alimwomba baba wachome tofali. Baba akamjibu kwamba ameapa. Mama hakuomba mara ya pili, na hakuwa mtu wa kununa. Alikohoa tu.

Baba alikuwa dereva wa lori la misheni. Mwaka wa tisini na mbili, wale mapadri walipokuwa wanasafisha uwanja wao, walimpa pikapu moja kuukuu iliyokuwa imelala chini ya mkaratusi miaka mingi, kuku wakitagia ndani. Ilikuwa ya rangi ambayo zamani ilikuwa kijani. Injini ilikuwamo lakini haikuwa na habari na mtu. Tangi la petroli lilikuwa na tundu ninaloweza kupitisha ngumi. Matairi yalikuwa yameshindiliwa majani makavu ili yasimame. Baba alikuja nayo nyumbani ikivutwa kwa mnyororo na lori la misheni, yeye ameketi kwenye usukani, mkono nje ya dirisha, anawapungia watu kama anayerudi kutoka Ulaya.

Jioni ile alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akageuza nyuma, akachora. Alichora gereji. Hatua saba kwa tano, mlango wa mbao wenye mbawa mbili, shimo katikati la kuingia fundi, meza ya kazi yenye jiriwa la kubania vyuma, rafu, na ukuta mzima wa kutundikia spana. Na mlango utazame barabara ya Kibondo, kwa sababu huko ndiko kwenye njia ya kurudi. Gari litaingizwa kinyumenyume, pua nje, ili siku ya siku lisigeuke. Alinieleza mimi mambo hayo yote nikiwa nimeshika kibatari, na alinipa kiti cha dirishani, upande wa kushoto, kiwe changu. Tutapanda milima, akasema, utaona ule mlima wa kwetu na chemchemi iliyo chini yake. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kama kile kiti.

Kisha akamgeukia mama. Alikuwa na aibu kidogo, naikumbuka, ingawa wakati ule niliidhani ni uchovu wa safari.

"Mama Goreti, gereji hii itakuwa ya tofali la kuchoma."

Mama alikuwa anachambua maharage. Mkono wake haukusimama.

"Si nyumba," baba akaendelea. "Gari ni chombo cha safari. Kulijengea gari si kukaa. Mzee hakukataza."

Mama alichambua mpaka ungo ukawa safi. Ndipo akasema, "Kama ni ya gari, ijengwe vizuri. Gari ni zito. Msingi uwe wa mawe."

Ndivyo ilivyoanza. Kiangazi kile chote nilikuwa mtu wa maji. Udongo wa kwetu ni mwekundu na mkaidi, haukubali kuingia kwenye kalibu mpaka unywe kwanza, na kijito kilikuwa bondeni. Nilishuka mara nne kabla ya shule na mara nne baada yake. Bado ninapoamka asubuhi shingo inanikumbusha. Mama alikanyaga udongo kwa miguu, baba akitoka kazini anafyatua, na Jumapili baada ya misa tunapanga tanuru. Tulilichoma kwa magogo, siku tatu, na kijiji kizima kikaja kutazama watu wa ng'ambo wanachoma tofali. Wazee wa safu yetu walipita wakasalimia kwa mdomo nusu. Baba aliwaambia wote, hata ambao hawakuuliza, kwamba ni ya gari.

Mwashi alitoka Kasanda. Aliitwa Kagoma, Muha mwenye mikono mikubwa na maneno ya kuchokoza, na alikuwa akiingia kwetu kila asubuhi na salamu yake ya "mwakeye" kabla hajaonekana. Alipokuwa amefikisha ukuta kifuani, mama alimpelekea uji, akasimama kando anautazama ule ukuta.

"Baba Goreti," akamwita baba. "Gari likiwashwa humu ndani, moshi utatokea wapi?"

"Mlangoni."

"Na mvua ikinyesha, mlango umefungwa, na wewe uko chini kwenye shimo lako?"

Baba akamtazama Kagoma. Kagoma akatazama timazi yake. Wakaacha nafasi ya dirisha, ukuta wa mashariki, panapoingia jua la asubuhi.

Wiki mbili baadaye gari lilihitaji sakafu ya saruji, kwa sababu oili ikimwagika kwenye udongo haitoki tena. Halafu gari lilihitaji mfereji wa bati kwenye paa na pipa chini yake, kwa sababu rejeta hupenda maji ya mvua, maji ya kijito yana tope. Maneno hayo ya rejeta sijui mama aliyapata wapi. Mimi nililifurahia lile pipa kuliko mtu yeyote, maana masika yalipoanza nilishuka bondeni mara moja badala ya nane. Gari lilihitaji pia ukuta wa ndani upigwe chokaa, ili spana ikianguka gizani ionekane. Kila kitu mama alikisema akiwa anamenya au anapeta, sauti ileile ya kusema chumvi imekwisha, na kila kitu baba alikifikiria kidogo kisha akakubali.

"Baba Goreti," Kagoma alisema siku anapiga chokaa, "nimejenga nyumba za watu wengi, lakini gari lenu hili lina mahitaji kuliko bibi arusi."

Baba hakucheka. Akasema ni kweli, magari yana matatizo.

Sasa vifaa. Baba alikuwa na spana tatu, bisibisi moja, plaizi na nyundo. Lakini ukuta wa vifaa haukutengenezwa kwa ajili ya hivyo tu. Alinikalisha na kopo la rangi nyeusi na brashi ya kunyolea iliyozeeka, akawa ananichorea kwa chaki, mimi napaka: umbo la kila chombo, mahali pake, na msumari juu. Spana kuanzia namba nane mpaka thelathini na mbili. Msumeno wa chuma. Jeki. Tindo. Pampu ya upepo. Vingi kati ya hivyo hatukuwa navyo wala sikuwahi kuviona. Nilivijua kwa vivuli vyake tu. Tulipomaliza, ukuta ulikuwa na vyombo sita vya kweli na vivuli kama thelathini vinavyosubiri wenyewe. Nilijifunza kusoma tarakimu kubwa pale. Sijawahi kuwa na furaha kama Jumapili zile, mikono yangu myeusi, baba anapuliza mluzi, na kivuli kimoja kimoja kikipata mwenyewe pale dereva mwenzake wa misheni alipomletea spana iliyobaki.

Gari lenyewe liliingizwa kinyumenyume na watu kumi na wawili, wakilisukuma kwa nyimbo. Sakafu ilikuwa na mteremko kidogo kuelekea mlangoni, na baba akasema tutafute mawe ya kuzuia magurudumu. Mama akasema yeye atayaleta. Alikwenda bondeni peke yake, na alirudi siku tatu mfululizo, kila siku na jiwe moja kichwani. Yalikuwa meusi, ya duara, yanalingana urefu kama yamepimwa.

"Mbona matatu?" baba akauliza. "Gari lina magurudumu manne."

"Matatu yatatosha," mama akasema, akaenda kujifuta jasho.

Mimi nilidhani amechoka tu kubeba.

Sheria ya gereji ilikuwa moja: moto usiingie. Baba aliiandika kwa rangi iliyobaki, juu ya mlango, HAKUNA MOTO. Sababu aliyoitoa ilikuwa petroli. Ndani ya gari lile hapakuwa na petroli hata ya kumlewesha panya, lakini mama hakubishana. Kwetu sisi kuna jambo ambalo labda na ninyi mnalo. Nyumba haiwi nyumba kwa sababu ina paa. Mwanamume anapanga mafiga matatu kwa mkono wake, halafu mwanamke anaingia na kaa la moto kutoka nyumba ya zamani kwenye kigae, na kuanzia hapo mtu akikuuliza unakaa wapi, unakaa hapo. Bila hivyo ni banda. Hata ungelala humo mwaka mzima, ni banda. Kwa hiyo usiku wa mvua tuliendelea kulala kwenye nyumba ya udongo na sufuria zetu za matone, na gari likalala pakavu, kwenye saruji, lina dirisha la mashariki. Mama alikohoa masika yale kuliko yote niliyokumbuka. Na bado kila alfajiri alifagia gereji kabla ya kufagia kwetu.

Nilikuwa namkasirikia. Leo naweza kusema. Niliona jinsi anavyolitazama gari, kama mgeni ambaye hataki kuondoka, na nikajua hataki safari. Mimi niliitaka. Nilikuwa na kimfuko changu mwenyewe ndani ya gunia la kurudi, chenye gauni la kipaimara cha binamu yangu na kioo kilichovunjika pembe. Nililala nikihesabu matone na kuhesabu spana, na nilikuwa na hakika kwamba vivuli vikijaa, tutaondoka.

Katikati ya mwaka wa tisini na tatu ilikuwa karibu iwe kweli. Redio ya jirani ilisema mambo mazuri ya ng'ambo, wazee wa safu yetu wakaanza kuuza mbuzi, na baba akaomba ruhusa ya wiki moja ili aende kutazama kwanza kwa miguu. Alirudi siku ya nne bila kufika. Alisema atakwenda baada ya kuvuna. Akaingia chini ya gari, akakaa humo mpaka jioni, na sikusikia mlio wowote wa chombo.

Halafu mvua za vuli zikaanza, na watu wakaanza kuja tena, wakikimbia vita ng'ambo. Mliokuwepo mnakumbuka. Barabara ile ile ambayo mlango wetu uliitazama ilijaa watu wanaotembea kuja kwetu, magodoro vichwani, watoto wameshikana mikono kwa mstari. Ilikuwa mchana, nimetoka shule, tuko wote wanne kwenye upenu wa nyumba ya udongo: baba, mama, mimi na sufuria ya mihogo. Mwanamke mmoja akatoka kwenye ule mstari akaja moja kwa moja uani. Alikuwa mwembamba, ana watoto wawili na gunia. Baba alisimama, akasema jina lake polepole, Kandida. Alikuwa dada yake, mtoto wa mama wa pili, aliyebaki ng'ambo mwaka ule wa sabini na mbili. Hawakuwa wameonana kwa miaka ishirini na moja.

Mama alimwondolea gunia kichwani kabla salamu hazijaisha. Nikaliona lile gunia likiwekwa nyuma ya mlango, kando ya letu. Yalifanana kama mapacha.

Shangazi alikula kwanza. Baadaye baba akamuuliza habari za mlima. Hakuuliza vita, hakuuliza nani yuko hai. Aliuliza kama chemchemi bado inatoka.

"Inatoka, kaka," shangazi akasema. "Lakini wanaochota si wetu. Pale kwenu wanalima watu wengine tangu mwaka ule. Walifyeka mpaka migomba ya mzee. Mimi mwenyewe nilikuwa nakaa kwa watu."

"Miaka yote hiyo?"

"Ego," akaitikia. "Miaka yote hiyo."

Mvua ikaongezeka. Kona ya nyumba yetu, ile niliyolala, ilikuwa imeanza kuvimba tangu juzi, na sasa ukuta ukaachia. Haukuanguka kwa kishindo. Uliteremka tu, taratibu, kama mtu mzima anayeketi chini, na tukaiona mvua ikinyesha juu ya kitanda changu. Watoto wa shangazi hawakushtuka hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hawakushtuka.

Mama alikaa na mikono mapajani, akikohoa, anamtazama baba. Hakutazama gereji hata mara moja. Naapa hakuitazama.

Baba akainuka. Alitoka kwenye mvua, akavuka ua, akafungua mbawa zote mbili za mlango. Kisha akaita watu waliokuwa wanapita barabarani, wageni kabisa, akawaomba wamsaidie kusukuma. Aliinama akayatoa yale mawe matatu chini ya magurudumu, akayaweka pembeni, na pikapu ikatoka kwa pua, kama ilivyopangwa, ikitazama barabara ya Kibondo. Iliteremka mpaka kwenye shina la mparachichi ikasimama. Majani yalikuwa yanatoka kwenye matairi.

Nilikimbia nikaingia ndani yake, kwenye kiti changu cha dirishani, nikajifungia. Nililia kwa hasira. Nilimchukia shangazi na watoto wake, na nilimchukia mama zaidi, maana nilijua ameshinda na sikujua amemshinda nani. Kupitia kioo chenye ufa niliwaona watu wakibeba vitanda, magodoro, magunia yote mawili. Nikamwona baba akifunika lile shimo la fundi kwa mbao. Nikamwona amesimama katikati ya sakafu, peke yake, mikono haina kazi. Alisimama hivyo muda mrefu mpaka nikaacha kulia ili nimtazame.

Ndipo akainama akachukua jiwe la kwanza, akaliweka kwenye kona chini ya dirisha. Akachukua la pili. La tatu alilizungusha mara mbili mpaka likakaa. Akarudi nyuma akayatazama, na kutoka kwenye gari hata mimi niliona kwamba yalikuwa yanalingana, kwamba sufuria ingekaa juu yake bila kuyumba.

Mama akatoka kwenye nyumba ya udongo na kigae cha makaa, amekifunika kwa ungo yasizimwe na mvua. Alivuka ua bila haraka. Mlangoni akasimama, chini ya yale maandishi ya rangi nyeusi, akamtazama baba. Baba akasogea pembeni kumpisha.

Moshi ulipoanza kutoka dirishani, mama alikuja kwangu. Alifungua mlango wa dereva akaketi. Hakuwa amewahi kuketi mle hata siku moja. Akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele kwenye mvua.

"Umefika wapi?" akaniuliza.

"Hatujaondoka," nikamwambia.

"Ego." Mkono wake ulikuwa na majivu. "Na mimi nimechoka, mwana wanje, mwanangu. Twende tukaote moto."

Nilikwenda.

Lile gari halikurudi ndani tena. Kuku wa jirani walilitambua mapema, wakaanza kutagia. Sehemu za chuma baba aliwapa watu kidogo kidogo. Ukuta wa vivuli ulipakwa chokaa kila Krismasi na kila masika vivuli vikarudi, hafifu, spana namba nane mpaka thelathini na mbili. Nililala nikivitazama mpaka nilipokwenda kusoma ualimu. Kifua cha mama kilimwacha, akaishi mpaka akawalea wajukuu. Shangazi alikaa nasi miaka miwili, kisha akajenga karibu. Kiangazi kilichofuata safu nzima ilichoma matofali, na kila aliyechoma alisema ni ya zizi, au ya ghala, au ya mashine ya kusaga. Hakuna aliyesema ni ya nyumba. Baadaye tulipewa uraia, karatasi zikatoka kwenye nailoni, na gunia likashonwa viraka likawa la mahindi.

Miaka mingi nilisimulia habari hizi kama kisa cha ujanja wa mama. Nilipokuwa na nyumba yangu na mume wangu ndipo nilipoelewa dirisha, na pipa, na yale mawe matatu aliyoyachagua siku tatu. Nilimcheka baba kwa mapenzi, mtu aliyejengewa nyumba machoni pake akidhani anajenga gereji. Mama alipofariki, baada ya matanga, nilikaa na baba mbele ya ule mlango wa mbawa mbili. Amezeeka, anaona kwa shida. Nikamwambia, kwa utani wa kumchangamsha, kwamba mama alimweza.

Alifikiri kidogo, kama alivyokuwa anafikiri zamani kila gari lilipohitaji kitu.

"Goreti," akasema, "mimi nimekuwa dereva miaka thelathini na mbili. Umewahi kuona gari linalotaka dirisha la mashariki?"

Nikageuka kumtazama, naye akaendelea.

"Nilikuwa nimeapa. Na yeye aliniomba mara moja nikamkatalia, asingeomba tena. Sote wawili tulikuwa tumechoka, mwanangu. Basi tukalisingizia gari."